Ghalia Asome Kichina Gani

Ibra, 2 Julai 1984

Leo naanza kuandika. Daftari nimepewa na dada yangu Rahila. Anasema bora maneno yangu niyamwage humu kuliko kuwachosha watu nayo. Watu hawachoki nayo. Jana hapa, Idd haijesha, sebule nzima ilinyamaza nilipokuwa nikiwahadithia nilivyogombana na polisi wa bandari ya Hongkong kwa Kichina chao wenyewe, mpaka yule polisi akanivulia kofia. Hata Humoud, mwenye shamba la mitende lililopakana na letu, aliacha kutafuna halua.

Kilichonifanya nishike kalamu ni barua. Imetoka huko huko Hongkong, kwa Wing, shemeji wa mdogo wangu Nadhir. Nadhir alioa Unguja, binti wa Mzee Fong, Mchina wa duka la mikate pale Malindi. Binti akasilimu, akaitwa Mahfoudha. Tukaja naye huku Oman, akatuzalia Ghalia, na mwaka juzi akafariki, Mungu amrehemu. Ghalia sasa ana miaka tisa. Bibi yake mzaa mama yuko Hongkong kwa Wing, na siku zote wamekuwa wakipelekeana kaseti, kama tufanyavyo sote na jamaa zetu waliotawanyika. Ghalia anasema yake kwa Kiswahili, na bibi akijibu Kiswahili cha Malindi kitupu, na matusi ndani yake.

Wing anaandika hivi: "Mama tangu apate kiharusi, Kiswahili kimekuwa kikimtoka, na sasa kimesha. Kimebaki Kikantoni peke yake, lugha aliyozaliwa nayo. Kaseti za Ghalia anazisikiliza lakini hafahamu linalosemwa. Daktari hatupi muda mrefu. Siku ya Idd kubwa nitapiga simu. Mtoto akiweza japo kidogo cha lugha yetu, watazungumza mara moja hii."

Ghalia aliisoma barua mwenyewe, mara mbili. Akaniuliza, "Ami, kwa hivyo bibi sasa hanijui?"

"Anakujua vizuri. Hafahamu tu unalosema."

"Si ndio yale yale?"

Nikajipiga kifua. "Wewe una ami yako! Hiyo Idd kubwa utazungumza mpaka simu ishike moto."

Nadhir aliikunja barua mara nne, akaitia mfukoni, akatoka.

3 Julai

Joto. Nimekata mashada kumi na saba ya tende kabla ya saa tatu. Humoud anasema kumi na moja. Humoud hajui kuhesabu.

7 Julai

Somo la tatu leo, chini ya kivuli cha ukuta wa falaji, mfereji wa kumwagilia mitende. Yat, yi, sam, moja, mbili, tatu. Ghalia anashika kama gundi. Kila shada linaloshushwa analihesabu kwa Kichina, wakataji wakacheka, kisha na wao wakaanza, yat, yi, sam, mpaka shamba zima likawa Hongkong. Nimemfundisha na unga, na maji, na mkate. Ameniuliza "nakupenda bibi" inasemwaje. Nikamwambia hilo ni somo la mbele, mtu hajengi paa kabla ya ukuta.

12 Julai

Nadhir ana mambo. Amerudi kutoka ofisini kwake, idara ya maji, na mgeni. Ni mke wa mhandisi wa Kichina wa kampuni inayochimba visima, Madam Lin, mwanamke mwembamba mwenye miwani, anasema Kiarabu cha vitabuni kama khatibu wa Ijumaa. Kwao Pekini alikuwa mwalimu. Nadhir anataka amfundishe Ghalia, jioni tatu kwa wiki, bila ya malipo, kwani Madam amechoka kukaa nyumbani.

Nikaona hapa pana heshima yangu. Nikasimama mbele ya wageni, Humoud naye yupo, nikamsalimu Madam kwa Kichina, nikamhesabia mpaka kumi, nikamalizia na maneno mazito mazito.

Madam Lin akanitazama. Akasema kwa Kiarabu, "Samahani. Bwana huyu anasema lugha gani?"

Humoud alicheka akamwaga kahawa. "Ya Khelef! Polisi wa Hongkong alivua kofia ajikune kichwa!"

Madam, kwa adabu, akaeleza kuwa niliyosema pengine ni Kikantoni, lugha ya watu wa kusini. Yeye anasema ya Pekini, ndiyo inayosomeshwa maskulini kote. Zikiandikwa zinakaribiana, lakini ukizisema, mtu wa hii hamfahamu mtu wa ile. Na kwake yeye, yi ni moja, si mbili.

Nikasema hilo nilikuwa nalijua siku zote.

13 Julai

Sikwenda barazani. Kichwa.

18 Julai

Leo nyumba imegawika. Nadhir baada ya chakula katangaza kama anasoma gazeti: Ghalia atasoma cha Pekini. Mkubwa wake wa kazi kamwambia kuwa baada ya miaka kumi mtoto wa Kiomani anayejua lugha hiyo atachukuliwa mbio mbio, wizarani, ubalozini, popote.

"Na Idd kubwa?" nikamuuliza. "Bibi yake atamjibu nani, waziri?"

"Bibi yake mgonjwa, Khelef. Lugha utamfundisha mtoto kwa ajili ya simu moja?"

"Basi asome zote mbili."

"Madam anasema moja kwanza. Akizichanganya sasa hatashika hata moja."

Rahila alikuwa akimenya kitunguu saumu. "Nadhir, yule ni mama wa mkeo."

"Najua ni mama wa nani."

"Unavyosema, ungedhani mtu wa njiani."

Nadhir akasimama. Mimi nilimwambia maneno ambayo sikupaswa. Nilimwambia cheo kimemwingia kichwani, kwamba angemwuza hata marehemu kwa meza ya wizarani. Alinawa mikono taratibu, kila kidole, akaenda zake.

Ghalia alikuwa mlangoni. Akauliza, "Mama alikuwa akisema kipi?"

"Cha Kantoni," nikasema. "Hiki hiki changu."

"Mbona mimi hakunifundisha?"

Rahila ndiye aliyejibu. Alimwambia kuwa watoto wa mtaa walikuwa wakimnyooshea Mahfoudha vidole, wakivuta macho yao, naye hakutaka mwanawe afanyiwe vile. Akataka awe na Kiarabu cha hapa na Kiswahili cha kwetu, basi.

Ghalia akasema, "Wananifanyia vile vile."

19 Julai

Upepo wa gharbi, kama mtu kafungua mlango wa tanuri. Hatusemezani, mimi na Nadhir.

26 Julai

Tabsili imeanza. Tende za manjano hazingoji kuiva, tunazichemsha katika masufuria makubwa ya shaba, kuni za makuti chini yake, kisha zinaanikwa juani mpaka zikunjane, ndizo zinazokwenda India. Mwaka huu mimi ndiye msimamizi wa moto. Niliwahi kusimamia masufuria ishirini peke yangu, miguu yangu ikaota malengelenge, sikusema ah. (Humoud kapita akasema yalikuwa mawili.)

Ghalia asubuhi yuko kwangu, jioni yuko kwa Madam. Nadhir hajui ya asubuhi. Nadhani hajui. Leo Madam kaja kutazama tabsili, akamsikia mtoto akihesabu vikapu: yat, er, sam, si. Nusu yangu, nusu yake.

Akanijia mpaka kwenye moshi, miwani imeingia ukungu. "Bwana Khelef, mtoto huyu ana sikio ambalo katika skuli yangu nilikuwa nikilipata mara moja kwa miaka mitano. Mimi naweza kumfikisha mbali. Wewe unaweza kumfikisha wapi?"

Nilikuwa na jibu refu. Nikachochea kuni.

31 Julai

Maji ya falaji yamepungua. Zamu yetu ya kumwagilia ilikuwa ya muda wa saa mbili, imekuwa saa moja na nusu.

4 Agosti

Joto. Tende zinakauka vizuri.

5 Agosti

Joto. Ghalia kaniuliza tena "nakupenda bibi" inasemwaje. Nikamwambia kesho.

11 Agosti

Leo nimefanya jambo.

Imekuja kaseti kutoka kwa Wing. Sauti ya bibi. Nadhir alikuwa kazini, Rahila akasema tumngoje. Aliporudi tukakaa wote wanne, redio kaseti katikati ya mkeka, Ghalia akabonyeza mwenyewe.

Sauti ya Mama Fong. Mimi nilikuwa naifahamu sauti ile ikisikika kutoka mwanzo wa mtaa mpaka msikitini. Sasa ni uzi. Inasema, inanyamaza, inasema tena jambo lile lile, inaita jina, inakuwa kama inamgombeza mtu, kisha inakuwa laini. Dakika nne au tano. Ikakatika.

Wote wakanigeukia. Ghalia kashika penseli na daftari.

"Ami. Anasema nini?"

Hapa nitaandika kweli kwa kuwa hakuna asomaye. Sikuambulia kitu. Nilishika neno moja, mkate, na hilo pia sina hakika nalo. Mimi Hongkong sijafika. Safari yangu ndefu kabisa, kabla ya kuja huku, ilikuwa Mombasa, na nilitapika njia nzima. Kichina changu nimekipata kwa kupeleka mikate ya Mzee Fong kwa baiskeli miaka sita. Najua kuhesabu, najua unga na maji, lete, haraka, umeunguza, mvivu wee. Hicho ndicho chote.

Ningesema palepale. Lakini mtoto alikuwa ananitazama vile. Na Nadhir alikuwepo, na tumeshagombana, na mimi ndiye mwenye Kikantoni katika nyumba hii.

Nikasema, "Anasema: mjukuu wangu Ghalia, sauti yako nimeisikia, imenifurahisha. Anasema kula vizuri, usome, umsikilize shangazi yako. Anasema anaingoja Idd kwa hamu azungumze na wewe."

Ghalia akaandika kila neno. Rahila akafuta machozi kwa mtandio. Nadhir akanitazama, akasema, "Ahsante, Khelef." Ndilo neno lake la kwanza kwangu tangu ugomvi. Akaondoka na kaseti.

12 Agosti

Ghalia ametunga jibu kwa yale niliyoyasema. Anataka nimpe kwa Kikantoni ili alihifadhi.

13 Agosti

Nimempa. Nimeyapanga maneno ya unga na maji kwa namna fulani. Anayarudia akifagia, akila, akisuka nywele. Hataki kwenda kwa Madam, anasema atayachanganya. Nadhir hakumlazimisha, na hilo nalo limenishangaza.

16 Agosti

Sufuria moja limetoboka. Humoud ametuazima lake bila ya kuombwa.

20 Agosti

Ghalia anayasema vizuri mno. Siku ya Idd mtoto atamwambia bibi anayekufa, "Lete maji, unga, haraka, mkate mzuri." Kisha atanigeukia.

25 Agosti

Nimekwenda posta ya Ibra, nikaomba simu ya Hongkong. Yule karani nilikuwa nimeshamhadithia ya polisi, akasema, "Leo utatusikilizisha!" Nikamwomba afunge mlango.

Wing alifurahi, akaniita Kaka Khelef. Nikamwuliza Mama anaendeleaje, kisha, kwa mzunguko mzunguko, nikamwambia katika ile kaseti baadhi ya maneno hayakusikika vizuri.

Akasema, "Tafsiri yake sikuiandika kwa makusudi. Nilijua Nadhir akiisikia atafahamu, na ataamua mwenyewe mtoto aambiwe nini."

"Nadhir atafahamu?"

"Kaka, Nadhir anasema lugha yetu kama mtoto wa Kantoni. Mahfoudha alimfundisha kabla hata ya posa. Chumbani kwao hawakuwa wakisema nyingine. Hukujua?"

Miaka kumi na mitano nimeishi nao ukuta kwa ukuta. Nilikuwa nikisikia minong'ono, nikidhani ni ya mtu na mkewe tu.

Nikamwuliza Mama alisema nini. Wing akanieleza. Kufa kwa Mahfoudha hawajamwambia. Alipata kiharusi mwezi ule ule, waliogopa. Sasa anaisikiliza sauti ya Ghalia katika kaseti zile za Kiswahili na anaona ni Mahfoudha mdogo, pale Malindi. Kwenye kaseti alikuwa akimwita: umekaa wapi mpaka saa hizi, njoo nyumbani, baba yako amekuwekea mkate wa moto, hakugombezi, njoo tu.

Nilirudi kwa miguu. Gari lilikuwepo, nilisahau.

26 Agosti

Nimemkuta Nadhir uwanja wa kuanikia, anageuza tende kwa mikono, na nguo zake za kazini. Nikakaa karibu yake, nikageuza na mimi.

"Nimezungumza na Wing," nikasema.

"Nilijua utakwenda siku moja."

"Uliniacha niseme uongo mbele ya mtoto."

"Ulikuwa uongo mzuri. Nilikuwa nikiusikiliza nikasema, laiti ndiyo yangekuwa maneno yenyewe."

"Mimi nilikuambia mambo, siku ile. Ya cheo."

"Yakhi, yaache."

"Siyaachi. Nilidhani unamkataza kwa ajili ya wizara."

Akageuza tende nyingine na nyingine. "Ghalia ana sauti ya mama yake. Wewe huisikii kwa kuwa anasema Kiswahili. Akiisema lugha ile, Khelef, mle ndani ya nyumba yangu, mimi nitakaa chumba gani? Madam Lin alipokuja nilishukuru. Nikasema, kama ni Kichina asome Kichina, lakini kile ambacho sikijui."

Nilikaa naye mpaka jua likachoma shingo zetu wote wawili.

27 Agosti

Tumemwambia Ghalia. Nilitaka Rahila aseme, akakataa. "Uliyapika mwenyewe, pakua."

Nikasema yote. Baiskeli, mikate, Mombasa. Kwamba jibu alilolihifadhi si jibu. Kisha Nadhir akamwambia bibi alichosema, taratibu, neno kwa neno.

Mtoto hakulia. Aliufungua ule ukurasa, akautazama. "Kwa hivyo nimehifadhi siku kumi na nne vitu vya dukani."

"Ndio, mama."

"Na wewe baba ulikuwa unajua, unanisikiliza nikisema."

Nadhir akainamisha kichwa.

"Nyote wawili waongo," akasema, na Rahila hakumkanya. Akauchana ukurasa. Halafu akasema, "Sitaki anidhanie mama. Mama amekufa. Nataka kumwambia mimi nani. Ni maneno mangapi?"

Nadhir alihesabu kwa vidole. "Sita, saba," akasema.

"Nifundishe."

Naye akaanza. Nilikuwa sijapata kuisikia lugha ile ikitoka kinywani mwa mdogo wangu. Rahila akanishika mkono akanitoa nje.

1 Septemba

Kila jioni Nadhir na Ghalia wanajifungia chumbani, wanasoma. Madam Lin ametuma kuuliza habari za mwanafunzi wake. Hajajibiwa.

3 Septemba

Tabsili imekwisha. Tumezima moto. Masufuria yamesuguliwa kwa mchanga.

6 Septemba, Idd kubwa

Simu ilikuwa ije saa tisa alasiri, ikalia saa kumi na robo. Nyama ilikuwa kwenye sinia haijaguswa. Humoud alikuja kutoa mkono wa Idd, akaona nyuso zetu, akakaa kimya pembeni na kikombe chake.

Wing kwanza, salamu. Kisha akamwekea mama yake simu sikioni. Nadhir aliishika simu kati ya sikio lake na la Ghalia, vichwa vimegusana.

Ghalia akayasema. Maneno sita, saba. Mimi ni Ghalia, mtoto wa fulani, akataja lile jina la mama yake la Kichina, ambalo mimi sikulijua mpaka leo.

Kisha ule uzi wa sauti ukaja, mrefu, na Ghalia akamtazama baba yake.

Nadhir akafasiri, sauti imemkauka. "Anasema, hapana. Sauti ya binti yangu nyembamba. Yako nene."

Ghalia akacheka, kicheko kidogo cha puani, na nadhani kule nacho kilisikika kwani uzi ulisema tena, haraka.

"Anauliza: mama yako yuko wapi?"

Tulimsikia Wing kwa mbali akisema kwa Kiswahili, "Usimwambie! Nadhir, usimwambie!" Ghalia hakuondoa macho kwa baba yake. Nadhir akaichukua simu akaiweka kwenye mdomo wake, akafumba macho, akasema. Hakusema mengi. Sikufahamu hata neno, lakini kuna mambo mtu huyajua kwa namna mabega yanavyoshuka.

Dakika nzima ya kulipia, tunasikia pumzi tu. Rahila anasoma Fatiha midomo ikitikisika. Nikasema moyoni, tumemuua mzee wa watu siku ya Idd.

Kisha akasema jambo, fupi.

"Anakutaka wewe," Nadhir akamwambia Ghalia. "Anauliza umekula?"

"Nijibu nini?"

Akamnong'oneza. Ghalia akajibu. Kutoka Hongkong ikaja sentensi nyingine, na nyingine, Nadhir akinong'ona na mtoto akijibu, mpaka Wing akachukua simu, analia, akasema Mama amechoka, amelala, na kwamba kabla hajalala alimwambia: kesho mpigie tena yule mtoto mwenye sauti nene.

Humoud akaniuliza polepole, "Walisema nini?"

"Muulize Nadhir," nikasema.

9 Septemba

Nadhir amekwenda mwenyewe kwa Madam Lin. Nilimsindikiza mpaka mlangoni. Alimwambia Ghalia atasoma cha Kantoni, kwa baba yake, mwaka huu, na huenda na mwaka ujao.

Madam hakukasirika. Alisema, "Bibi huyo akiondoka, mtoto atasema na nani?"

"Na mimi," Nadhir akasema.

"Mwakani mimi sitakuwapo. Mkataba wa mume wangu unakwisha mwezi wa pili. Hapa hapatapata mwalimu mwingine upesi."

"Najua."

Akavua miwani akaifuta, akasema ni hasara, alisema neno hilo mara mbili, kisha akaingia ndani akatoa daftari mbili za kuandikia herufi, mpya, akasema kuandika ni kule kule, mpe. Njiani Nadhir alizibeba kwa mikono yote miwili. Nilimwuliza kama ana hakika. Akasema hana.

12 Septemba

Ghalia amenijia nikitia tende kwenye magunia, daftari la Madam kwapani. "Shikamoo Ami."

"Marahaba."

"Tende inaitwaje kwa Kikantoni?"

Nilifungua mdomo. Maneno mawili matatu yalikuwa tayari, yenye sauti nzuri, asingejua.

"Sijui," nikamwambia. "Nenda kamuulize baba yako, kisha uje uniambie."

Akaenda. Nimefunga gunia la nane, sijamwona kurudi. Nangoja.